Kukadiria Msimu wa Kwotabeki Kijana kwa Ajili ya Fantasi ya NFL: Mwongozo Kamili

Kosa kubwa hufanyika kabla hata kikokotoo hakijawashwa. Katika fantasi ya NFL, yaani mchezo wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi wa ligi ya futiboli ya Marekani na kupata pointi kutokana na takwimu zao, mtu anachukua namba za mwaka jana za kwotabeki, mrushaji anayeongoza mashambulizi, anaziongezea kidogo kwa kuwa "dogo bado anakua", halafu hayo ndiyo anayaita makadirio. Kwa mkongwe wa misimu kumi, ujanja huo hauumizi sana, maana namba zake zimeshatulia. Kwa kijana mwenye msimu mmoja au miwili, nusu ya unachokiona kwenye jedwali huenda ni uwezo na nusu nyingine ni bahati, na jedwali halikuambii ipi ni ipi.

Kwa hiyo hesabu igawanywe mara mbili. Kwanza, kijana atapata nafasi ngapi za kucheza mpira. Pili, kila nafasi itazaa nini, huku mazao yake ya mwaka jana yakivutwa kuelekea wastani wa ligi. Hapa tutamtumia C.J. Stroud wa Houston Texans, tukijiweka Agosti 2024, akiwa ametoka kwenye msimu wa kwanza uliowatoa watu macho. Tumemchagua yeye kwa sababu msimu uliofuata ulishachezwa, hivyo mwishoni tutaona hesabu ilipopata na ilipokosa.

Neno moja tuliweke sawa. Tutasema "mkupuo" kwa kile kipande cha mchezo kinachoanza mpira unapotolewa chini hadi refa anapopuliza filimbi. Mechi moja ina mikupuo mingi, na kila timu hupata kama 60 na kitu.

Anza na kanuni za ligi yako

Fungua ukurasa wa kanuni za ligi ya fantasi unayocheza kabla ya kitu kingine chochote. Mfumo uliozoeleka unatoa pointi 1 kwa kila yadi 25 za pasi, 4 kwa tachidauni ya pasi (tachidauni ni kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), 1 kwa kila yadi 10 za kukimbia na 6 kwa tachidauni ya kukimbia, na unakata 2 kwa pasi iliyonaswa na wapinzani. Ligi nyingine hutoa 6 kwa tachidauni ya pasi, nyingine hukata 1 tu kwa pasi iliyonaswa. Tofauti hizo zinaonekana ndogo, ila zinapanga upya orodha nzima: pointi 6 kwa pasi humwinua mrushaji anayesimama mahali pamoja, pointi 4 humwinua anayekimbia. Mfano wetu unatumia mfumo wa 4 na kukata 2. Mipira inayoponyoka na kuokotwa na wapinzani tumeiacha pembeni ili hesabu isomeke. Kwenye jedwali lako iweke.

Sasa namba za Stroud za 2023: mechi 15, pasi 499 zilizorushwa, yadi 4,108, tachidauni 23, pasi 5 tu zilizonaswa. Alikimbia na mpira mara 39, akapata yadi 167 na tachidauni 3. Ukizipitisha kwenye mfumo wetu unapata pointi 281.0, yaani 18.7 kwa mechi. Mechi mbili alizikosa kwa kugongwa kichwa.

Hatua ya 1: mikupuo ya timu, halafu ya pasi

Usianze na mchezaji, anza na timu. Mikupuo 63 kwa mechi ni makadirio ya kawaida kwa timu ya kati. Kocha anayeharakisha mchezo anaweza kukupa 65 au 66, anayependa kuua saa anakupa 60. Msimu una mechi 17, kwa hiyo 63 mara 17 ni 1,071.

Kati ya hiyo, mingapi ni ya pasi? Hapa wengi hukosea kwa kuhesabu pasi zilizorushwa peke yake. Mkupuo wa pasi unaweza kuishia mahali patatu: mpira umerushwa, kwotabeki ameangushwa kabla ya kurusha, au amebanwa akachomoka na kukimbia. Vyote vitatu viliagizwa kama pasi na kocha. Ukichukua asilimia 60 ya 1,071, unapata mikupuo 643 ya pasi.

Kutoka hapo ondoa kuangushwa na kuchomoka. Stroud aliangushwa mara 38 mwaka 2023. Ukijumlisha na pasi zake 499, hiyo ni 38 kati ya 537, asilimia 7.1. Tukitumia asilimia 7, mikupuo 45 inapotea. Kwa kuchomoka mpe asilimia 4, yaani 26, kwa sababu si mtu wa kukimbia. Zinabaki pasi 572 kwa msimu, au 33.6 kwa mechi.

Hakiki papo hapo: mwaka uliotangulia alirusha 499 katika mechi 15, wastani wa 33.3. Namba mbili zilizotoka njia tofauti zimekaribiana, tuendelee. Zingepishana kwa pasi nne au tano kwa mechi, ungetakiwa kusimama na kutafuta sababu: mratibu mpya wa mashambulizi, mkimbiaji mpya wa bei kubwa, au timu iliyokuwa ikirusha sana kwa sababu ilikuwa inafungwa kila Jumapili. Texans walikuwa wamemleta mkimbiaji Joe Mixon kutoka Cincinnati Bengals mwezi Machi 2024, jambo ambalo lingekuruhusu kupunguza pasi moja kwa mechi bila kulaumiwa na mtu.

Hatua ya 2: mechi ngapi?

Hakuna kwotabeki wa kukadiriwa mechi 17. Kwa kijana aliyeshika namba bila ubishi tunaweka 15.5. Kwa anayekimbia mara nane au zaidi kwa mechi tunashusha hadi 14.5, kwa sababu mwili unaopigwa zaidi unaumia zaidi.

Kwa vijana kuna hatari nyingine ambayo wakongwe hawana sana: kuwekwa benchi. Bryce Young, chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2023 (zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni), aliwekwa benchi na Carolina Panthers baada ya mechi mbili tu za 2024, Andy Dalton akaanza badala yake. Msimu huohuo Indianapolis Colts walimkalisha Anthony Richardson na kumwanzisha Joe Flacco. Wote wawili walirudishwa baadaye, lakini aliyewategemea kwenye fantasi alikuwa ameshatafuta mtu mwingine. Kijana ambaye msimu uliopita asilimia ya pasi zake zilizofika ilikuwa chini ya 60, na nyuma yake kuna mkongwe anayejua kazi, mkate mechi moja na nusu hadi mbili nyingine. Usimkate kwa kumhurumia wala kwa kumchukia, mkate kwa sababu kocha naye anatetea kibarua chake.

Stroud hakuwa na hofu hiyo. Mechi 15.5 mara pasi 33.6 ni pasi 521.

Hatua ya 3: vuta kila kiwango kuelekea wastani

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Chukua kiwango cha tachidauni, yaani tachidauni kwa kila pasi 100. Wastani wa ligi huzunguka 4.2 hadi 4.5. Lamar Jackson, mwaka 2019 alipochukua tuzo ya mchezaji bora, alitupa tachidauni 36 kwa pasi 401: asilimia 9.0. Mwaka uliofuata zikawa 26 kwa pasi 376, asilimia 6.9. Patrick Mahomes alipiga 50 mwaka 2018, asilimia 8.6, mwaka 2019 akashuka hadi 26, asilimia 5.4. Hao ni watu wenye vipaji visivyotiliwa shaka, bado walishuka. Kiwango kinapokuwa juu sana, kipaji huwa kimebebana na mipira iliyogonga kidole cha beki ikaangukia mikononi mwa mwenzako, wapokeaji waliobaki bila mtu, na marefa walioamua vizuri. Kipaji kinarudi mwaka ujao. Hayo mengine hayajui ratiba.

Namna ya kuvuta ni rahisi: mwongezee mchezaji pasi za bandia zilizorushwa kwa kiwango cha wastani wa ligi, halafu gawanya upya. Kiwango kinachoyumba sana kipe pasi nyingi za bandia, kinachotulia upesi kipe chache. Uzito tunaoutumia ni huu:

- Asilimia ya pasi zilizofika: pasi 250 za bandia
- Kuangushwa: mikupuo 200 ya bandia
- Yadi kwa kila pasi: 400
- Tachidauni: 500
- Pasi zilizonaswa: 1,000

Uzito huu haukushuka kutoka mbinguni, na ukitaka kuubadilisha kwa asilimia 20 huku au kule matokeo hayatatikisika sana. Kinachotikisa ni kutovuta kabisa. Kwenye Excel au Google Sheets, fomula ya tachidauni inaandikwa hivi, kama tachidauni ziko seli B2 na pasi ziko C2:

=(B2+500*0.042)/(C2+500)

Tumpitishe Stroud.

Yadi: alikuwa na 4,108 kwa pasi 499, yaani 8.23 kwa kila pasi, kiwango cha juu mno. Ongeza pasi 400 za yadi 7.0, ambazo ni yadi 2,800. Jumla 6,908 gawanya kwa 899, unapata 7.68.

Tachidauni: 23 jumlisha 21 za bandia, gawanya kwa 999. Jibu ni asilimia 4.4, kutoka 4.6. Hapa hakuwa na bahati ya kupindukia, ndiyo maana mvuto ni mdogo.

Pasi zilizonaswa: hapa ndipo palipokuwa na harufu. Pasi 5 kati ya 499 ni asilimia 1.0, wakati ligi huzunguka 2.3. Ongeza pasi 1,000 za bandia zenye kunaswa 23, jumla 28 gawanya kwa 1,499, unapata asilimia 1.87. Kwa maneno mengine, hesabu inatarajia kunaswa kwake kukaribie kuongezeka mara mbili, hata kama atacheza vilevile.

Kwa pasi 521, matokeo ni yadi 4,001, tachidauni 22.9 na kunaswa 9.7. Acha desimali zikae. Ukianza kukata namba katikati ya hesabu, makosa yanajikusanya mwishoni.

Hatua ya 4: miguu, mahali pointi zilipojificha

Aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza anajua thamani ya beki anayepiga penalti: nafasi ya ulinzi, pointi za ushambuliaji. Kwotabeki anayekimbia ndiye huyo kwenye NFL.

Jayden Daniels, msimu wake wa kwanza akiwa Washington Commanders mwaka 2024, alikimbia mara 148 kwa yadi 891, rekodi ya kwotabeki mgeni wa ligi, na tachidauni 6. Miguu peke yake ilimpa pointi 125.1. Sasa rudi kwa Lamar Jackson wa 2019: yadi zake zote za pasi mwaka ule zilikuwa 3,127, ambazo kwa mfumo wetu ni pointi 125.1. Yaani miguu ya kijana mmoja ilitoa kiasi kilekile kilichotolewa na yadi za pasi za mchezaji bora wa ligi kwa msimu mzima. Ndiyo sababu kwotabeki wa kawaida kwenye pasi anaweza kuwa lulu kwenye fantasi.

Ila mbio si za aina moja, na ukizichanganya utapotea. Zitenge hivi:

Mbio zilizopangwa ni zile ambazo kocha ameagiza kwotabeki akimbie. Hizi hutegemea mratibu wa mashambulizi. Akiondoka, kijana anaweza kuamka Septemba akiwa na mbio nusu ya za mwaka jana. Kuchomoka ni tabia ya mchezaji mwenyewe, na huhama naye hata kocha akibadilika, ingawa wengi hupunguza kadiri wanavyojifunza kumsubiri mpokeaji wa pili na wa tatu. Mbio za yadi moja mbele ya mstari wa tachidauni zina thamani kubwa kuliko idadi yake: Jalen Hurts wa Philadelphia Eagles alipata tachidauni 13 za kukimbia mwaka 2022, nyingi zikiwa ni kusukumwa kwa nguvu na wenzake kutoka nyuma. Na mwisho kuna kupiga goti ili kumaliza saa, ambako huandikwa kama mbio yenye yadi hasi. Timu inayoshinda sana hupiga magoti mengi, na wastani wa yadi kwa kila mbio unashuka bila kijana kufanya kosa lolote. Ondoa magoti kabla hujagawanya.

Tachidauni za kukimbia nazo zivutwe. Kwa anayetumiwa karibu na mstari, asilimia 7 au 8 ya mbio inaweza kudumu. Kwa asiyetumiwa, weka 4. Stroud alikuwa na 3 kwa mbio 39, asilimia 7.7, bila kuwa mtu wa kutumiwa pale. Kwa mbio 40 tukampa 1.6, pamoja na yadi 172.

Kama kijana ni mgeni kabisa na namba pekee ulizonazo ni za chuo, jihadhari na mtego mmoja: takwimu za vyuo vya Marekani hukata yadi za kuangushwa kutoka kwenye yadi za kukimbia, NFL haifanyi hivyo. Daniels aliandikiwa yadi 1,134 za kukimbia akiwa chuo cha LSU mwaka 2023, na hizo ni baada ya makato. Wanaosoma namba za chuo bila kulijua hilo huwadharau wakimbiaji.

Hatua ya 5: rekebisha kwa mazingira, lakini kwa mkono wa birika

Sasa, baada ya hesabu na si kabla, ruhusu yale unayoyajua kuhusu timu. Tunajiwekea mipaka: si zaidi ya yadi 0.3 kwa kila pasi, na si zaidi ya nusu asilimia ya tachidauni, kwa mabadiliko yote yakijumlishwa. Bila mipaka hiyo, kila habari njema ya Agosti itaongeza kitu, na mpaka siku ya drafti ya fantasi, unapochagua kikosi chako, ifike kila kijana atakuwa Mahomes.

Ukuta wa mbele unaomlinda kwotabeki ndio wa kuutazama kwanza. Caleb Williams aliangushwa mara 68 akiwa na Chicago Bears mwaka 2024. Kabla ya 2025 timu ikamleta Ben Johnson kuwa kocha mkuu, pamoja na Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman kwa ajili ya katikati ya ukuta. Kuangushwa kukashuka hadi 24. Kila kuangushwa kunakula pasi moja na mara nyingi kunaua mfululizo mzima wa mashambulizi, hivyo tofauti ya aina hiyo ni yadi mia kadhaa.

Mpokeaji mpya wa daraja la juu naye huleta kitu. Josh Allen alifikisha asilimia 52.8 ya pasi zake mwaka 2018, 58.8 mwaka 2019, kisha Buffalo Bills wakamleta Stefon Diggs mwezi Machi 2020 na asilimia ikapanda hadi 69.2, pamoja na yadi 4,544 na tachidauni 37. Hurts naye alitoka tachidauni 16 za pasi hadi 22 baada ya A.J. Brown kufika 2022. Lakini mifano hii ndiyo inayokumbukwa. Ile ya mpokeaji mpya aliyefika na kusiwe na kilichobadilika haisimuliwi vijiweni.

Na tazama kejeli ya mambo: mpokeaji aliyewafanya watu wampandishe Stroud mwaka 2024 alikuwa Diggs huyohuyo, aliyenunuliwa kutoka Bills mwezi Aprili, safari hii akiwa na miaka 30. Tungemwongezea Stroud yadi 0.1 kwa ajili yake na kumpunguzia 0.1 kwa ajili ya ukuta wa mbele uliokuwa na mashaka, tukabaki palepale.

Mechi za Agosti za kirafiki usizihesabu kwa namba. Ziangalie kwa mambo mawili tu: nani anacheza na kikosi cha kwanza, na nani wa ukuta wa mbele amechechemea. Ugumu wa ratiba upe uzito mdogo sana, kwani ulinzi uliokuwa mkali mwaka jana mara nyingi si ule utakaokutana nao mwaka huu.

Hatua ya 6: jumlisha, halafu tandaza

Stroud, makadirio ya kati: yadi 4,001 ni pointi 160.0, tachidauni 22.9 ni 91.6, kunaswa kunakata 19.4, yadi za kukimbia 17.2, tachidauni za kukimbia 9.6. Jumla 259.0 kwa mechi 15.5, sawa na 16.7 kwa mechi. Amepoteza pointi mbili kwa mechi ukilinganisha na 2023, na hatujamtuhumu kwa lolote.

Namba moja haitoshi kwa kijana. Andika tatu. Ya chini: pasi 32 kwa mechi, yadi 7.1 kwa pasi, tachidauni asilimia 3.8, kunaswa 2.3, miguu kidogo. Hiyo ni takriban pointi 13.9. Ya juu: pasi 35, yadi 8.1, tachidauni 5.3, kunaswa 1.3. Hiyo ni kama 20. Ipe ya kati uzito wa nusu, na za pembeni robo kwa robo. Kwa mkongwe pembe hizo zingekaribiana. Kwa kijana mwanya wa pointi sita kwa mechi ni wa kawaida.

Halafu linganisha na bei. Kwenye ligi ya watu 12 wanaoanzisha kwotabeki mmoja kila mmoja, kipimo chako ni kwotabeki wa 13 katika jedwali lako, kwa sababu huyo, au mtu wa kiwango chake, utampata bure. Tuseme anakupa 15.5. Stroud wa 16.7 anakuongezea pointi 1.2 kwa mechi, ambazo kwa mechi 15.5 ni kama 19 kwa msimu mzima. Kwa pointi 19 huwezi kuacha mkimbiaji au mpokeaji wa raundi za mapema. Kwenye ligi inayoruhusu makwotabeki wawili hesabu inageuka: wanaoanzishwa wanakaribia 24, wa bure ni dhaifu mno, na Stroud huyohuyo anakuwa wa kukimbiliwa.

Kilichotokea

Mwaka 2024 Stroud alicheza mechi zote 17: pasi 532, yadi 3,727, tachidauni 20, kunaswa 12. Alikimbia yadi 233 bila tachidauni hata moja. Pointi 228.4, wastani wa 13.4. Makadirio yetu ya kati, yakipanuliwa hadi mechi 17, yalisema 284. Pengo ni pointi 56 hivi, na kuligawa ni zoezi bora kuliko kulalamika. Yadi za pasi zilikula 26. Tachidauni za pasi zilikula 20. Tachidauni za kukimbia zilikula 10 na ushee. Kunaswa zaidi kulikula chini ya 3, na yadi za kukimbia zikarudisha 4.

Sababu ziko wazi ukifuata mnyororo. Aliangushwa mara 52, asilimia 8.9 badala ya 7. Nico Collins alikosa mechi tano kwa msuli wa paja, Diggs akachanika goti mwezi Oktoba baada ya mechi 8, Tank Dell akaumia vibaya goti mwezi Desemba. Yadi kwa pasi zikaanguka hadi 7.0, chini kidogo hata ya makadirio yetu ya chini. Majeruhi ya wapokeaji watatu hakuna fomula ingeyaona. Ukuta wa mbele ungeonekana, na hapo ndipo tungepaswa kukata zaidi ya ile 0.1.

Tazama pia kwamba kunaswa kuligharimu kidogo kuliko vyote. Kwenye mfumo wa kukata 2, pasi tano za ziada zilizonaswa ni pointi 10 kwa msimu. Usimwogope kijana kwa sababu ananaswa, muogope kama kunaswa kutamfanya akae benchi.

Msimu ukianza

Usifute jedwali, liongezee. Tuseme katika mechi nne za kwanza kijana mwenye historia ya Stroud anatupa tachidauni 9 kwa pasi 130, asilimia 6.9, na kila mtu anapiga kelele. Fomula ileile: 23 jumlisha 9 jumlisha 21, gawanya kwa 499 jumlisha 130 jumlisha 500. Jibu ni asilimia 4.7. Umempandisha kutoka 4.4, hilo tu. Kama kuna anayetaka kumnunua kwa bei ya 6.9, msikilize.

Mambo mengine yapokee haraka zaidi. Idadi ya mbio zilizopangwa kwa mechi inakuambia ukweli ndani ya wiki tatu, kwa kuwa ni uamuzi wa kocha, si bahati. Kuangushwa kunaanza kuaminika ukifika mikupuo 150 ya pasi. Mgawanyo wa pasi na mbio utazame katika robo tatu za mwanzo tu za mechi, maana robo ya mwisho timu inayofungwa hurusha kila kitu na inayoongoza hukimbia na mpira ili kumaliza saa.

Na hesabu zako ziishe wiki ya 17, kama ilivyo fainali ya ligi nyingi za fantasi. Wiki ya 18 timu iliyofuzu hupumzisha watu; Stroud mwenyewe alicheza mfululizo wa kwanza tu wa mechi ya mwisho ya 2024 akatoka. Ukigawanya jumla ya msimu kwa mechi 17 ukiwa unatafuta wastani wa kutumia mwaka ujao, ile mechi itoe.